Mtumbwi wa Gome: Ufundi, Lugha na Nasaba miongoni mwa Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini

0. Utangulizi

Kiswahili hakina kitenzi kimoja kwa kazi zote za kutengeneza vyombo vya majini. Mtumbwi huchongwa, kwa kuwa hutoka katika gogo moja linalokombwa ndani hadi likaelea. Jahazi huundwa, kwa kuwa fundi hukusanya mkuku, mataruma na mbao na kuvifanya kitu kimoja. Mtepe wa pwani ya Lamu, ambao haukuwa na msumari wa chuma, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Msemaji aliyekulia karibu na maji havichanganyi vitenzi hivi, maana kila kimoja hubeba ndani yake mwenendo mzima wa kazi ya mikono.

Katika misitu ya Kanada na ya kaskazini-mashariki ya Marekani kuna chombo ambacho hakiingii kwa urahisi katika mpango huu. Hakichongwi, kwa kuwa hakitoki katika gogo. Hushonwa kwanza kama nguo, kisha hutiwa mataruma kama jahazi, na kinapokamilika mtu mmoja huweza kukibeba mabegani. Waojibwe hukiita wiigwaasi-jiimaan. Katika makala haya kitaitwa mtumbwi wa gome, kwa kufuata umbo na matumizi yake. Lakini ikumbukwe kwamba neno mtumbwi hapa limeazimwa.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: jinsi chombo hicho kinavyotengenezwa, jinsi ujuzi wake ulivyokaribia kupotea, na jinsi baadhi ya warithi wa mafundi wa zamani walivyotumia chombo hicho kurudi katika historia ya koo zao. Swali linaloyaunganisha ni hili: ujuzi wa jadi hukaa wapi? Je, hukaa katika kifaa, katika kitabu, au katika ukoo?

1. Mti na chombo

Mti unaotoa gome ni ule ambao wanabotania huuita Betula papyrifera, na ambao hapa utaitwa mbetula. Ni mti wa nchi za baridi, wenye gome jeupe linalobanduka kwa tabaka nyembamba kama karatasi. Gome hilo lina sifa tatu zinazolitofautisha na magome mengine. Kwanza, halipitishi maji na halilowi upesi. Pili, likipashwa joto kwa maji ya moto hulainika na kukubali kukunjwa. Tatu, nyuzi zake huuzunguka mti badala ya kupanda kutoka chini kwenda juu. Sifa hii ya tatu ndiyo inayomwezesha fundi kuunganisha vipande kwa kushona ili kupata urefu anaoutaka, bila mshono kupasua gome.

Fundi hutembea sana kabla ya kupata mti unaofaa. Huhitaji shina nene, lililonyooka, lisilo na matawi sehemu ya chini wala makovu mengi. Hukata kwanza kipande kidogo ili apime unene wa gome na kuona kama tabaka zake zinaachana. Miongoni mwa Waojibwe ni desturi kuweka tumbaku chini ya mti kabla ya kuuchukulia kitu. Mwanzoni mwa kiangazi, utomvu unapopanda, gome hubanduka kwa wepesi: mkato mmoja hupitishwa wima, na gome hufunguka lote kama joho.

Zana za asili ni chache: shoka, sindano nene ya kutobolea, na kisu chenye ncha iliyopinda ambacho fundi hukivuta kuelekea kifuani. Mbao hutoka katika mwerezi mweupe wa kaskazini, mti mwepesi usiooza upesi na unaopasuka kwa kufuata nyuzi zake, hata fundi asihitaji msumeno. Uzi wa kushonea ni mizizi ya msonobari mweusi. Mizizi hiyo huchimbwa, huchunwa ganda, hupasuliwa mara mbili kwa urefu, na huwekwa ndani ya maji isikauke.

Kazi yenyewe hufuata mpango ambao mtu aliyezoea merikebu za Ulaya huona kama umegeuzwa. Huko hujengwa kwanza mifupa, kisha ngozi. Hapa ngozi hutangulia. Gome hutandazwa juu ya ardhi iliyosawazishwa, upande mweupe ukitazama juu, ili upande wa ndani ya gome uwe nje ya chombo. Juu yake huwekwa fremu ya mbao, na juu ya fremu hupangwa mawe mazito. Kingo hupandishwa na kushikwa kwa vigingi vilivyochomekwa ardhini pande zote mbili. Mahali ambapo gome lingejikunja hukatwa, kingo zake hulalishwa moja juu ya nyingine, na mshono hupitishwa. Kisha fito ndefu za mwerezi hufungwa kwenye kingo za juu kwa mizizi, na omo na tezi hushonwa.

Hapo ndipo mataruma huingia. Hukunjwa yakiwa yamelowa na kupashwa moto, huachwa yakauke katika umbo lake, kisha hugongwa mahali pake moja moja, juu ya mabanzi membamba ya mwerezi yanayolala kati yake na gome. Kila taruma linapogongwa, gome huvutika hadi likakaza kama ngozi ya ngoma. Mwishoni mishono yote huzibwa kwa utomvu wa msonobari uliochemshwa pamoja na mafuta ya mnyama na unga wa makaa. Mafuta huuzuia utomvu usipasuke wakati wa baridi. Fundi asiyejua kiasi chake atajua siku ya kwanza mtumbwi utakapovuja.

Yafaa kusisitiza kwamba kazi hii mara nyingi haikuwa ya mtu mmoja. Katika jamii nyingi wanaume walipasua mbao na kukunja mataruma, na wanawake walishona na kuziba mishono. Watoto walikua katikati ya kazi hiyo, wakitazama. Aidha, umbo la omo lilitofautiana kati ya taifa na taifa, hivi kwamba mtu mzoefu aliweza kumtambua mwenye chombo akiwa bado mbali. Miongoni mwa Wolastoqiyik na Wapassamaquoddy, kipande kidogo cha gome kilichofunika ncha za chombo kilichorwa alama ya mwenyewe. Kwa maneno mengine, mtumbwi ulikuwa chombo cha safari, na wakati huohuo ulikuwa hati ya nyumba iliyouunda.

2. Mito, maporomoko na biashara ya manyoya

Sababu ya kuwepo kwa chombo chepesi namna hii ni jiografia. Nchi hiyo imejaa maziwa na mito inayokatwa na maporomoko. Msafiri hupiga kafi kwa muda, kisha hushuka, hubeba chombo na mizigo kwa miguu hadi maji yatulie, na kuanza tena. Msomaji wa Kongo anaielewa hali hiyo bila maelezo marefu: maporomoko ya Boyoma hukata safari ya mto kati ya Ubundu na Kisangani, na ndiyo sababu reli ya kilomita zipatazo 125 ilijengwa hapo, ikakamilika mwaka 1906. Tofauti ni kwamba mtumbwi wa gogo ni mzito mno kubebwa umbali mrefu, ilhali mtumbwi wa gome huuruka mto usiopitika juu ya mabega ya mwenyewe.

Wageni kutoka Ulaya walilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1603 Mfaransa Samuel de Champlain, alipofika kwenye maporomoko ya mto Saint-Laurent karibu na mahali uliposimama mji wa Montréal baadaye, aliona kwamba mashua zake haziwezi kuendelea, na kwamba mitumbwi ya wenyeji ndiyo njia pekee ya kuingia barani. Tangu hapo biashara ya manyoya ilitegemea chombo hicho. Mitumbwi mikubwa ya wafanyabiashara ilifikia urefu wa mita 11 hivi na kubeba kiasi cha tani 3 za mizigo pamoja na wapiga kafi. Katika karne ya 18 Wafaransa waliiunda kwa wingi katika mji wa Trois-Rivières.

Hivyo basi, ramani za Kanada zilichorwa na watu waliokaa ndani ya chombo cha wenyeji. Hata hivyo, vitabu vya historia vilitunza majina ya wasafiri na wenye makampuni. Majina ya mafundi waliounda mitumbwi hiyo hayakuandikwa ila mara chache sana.

3. Kukatika kwa mnyororo

Ujuzi huu haukudhoofika kwa sababu moja. Mwishoni mwa karne ya 19 katika jimbo la Maine ilianza kuundwa mitumbwi ya mbao iliyofunikwa kwa turubai iliyopakwa rangi. Umbo lake lilitokana na mtumbwi wa gome, lakini iliweza kutengenezwa kwa wingi katika viwanda. Baada ya mwaka 1945 ikaja ya alumini, kisha ya plastiki. Wakati huohuo ukataji wa magogo uliondoa sehemu kubwa ya mibetula minene, na wenyeji wengi walizuiliwa katika maeneo madogo yaliyotengwa, mbali na misitu ya wazee wao.

Lakini biashara na misumeno havitoshi kueleza yote. Fundi huweza kukosa soko na bado akamfundisha mwanawe. Kilichokata mnyororo wenyewe ni kutenganishwa kwa watoto na wazee. Nchini Marekani shule ya bweni ya Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania, ilifunguliwa mwaka 1879 na kufungwa mwaka 1918, na ilikuwa kielelezo cha nyingine nyingi. Katika kijiji cha Waojibwe cha Lac du Flambeau, jimbo la Wisconsin, shule ya bweni ya serikali ilidumu tangu 1895 hadi 1932. Nchini Kanada watoto wapatao 150,000 walipitia shule za aina hiyo, na za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi mwaka 2008.

Katika shule hizo mtoto alikatazwa kusema lugha ya mama yake. Ni muhimu kuelewa maana ya katazo hilo kwa ufundi. Mtumbwi wa gome haukufundishwa kwa michoro wala kwa vipimo vilivyoandikwa. Ulifundishwa kwa kukaa kando ya mzee kiangazi baada ya kiangazi, kupokea mzizi kutoka mkononi mwake, na kusikia jina la kila kitu kinapoguswa. Mtoto aliyerudi nyumbani baada ya miaka kumi bila lugha alimkuta babu yake bado hai, kisu bado kipo, na mibetula michache imebaki msituni. Lakini njia ya kumwuliza babu ilikuwa imefungwa. Misemo ya Kiswahili inasema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hapa watoto hawakuiacha asili yao, waliachishwa.

4. Njia tatu za kurudi

4.1. Daftari la mgeni

Mwaka 1887 kijana Mmarekani aitwaye Edwin Tappan Adney, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alifika jimbo la New Brunswick nchini Kanada kwa mapumziko. Huko alikutana na Peter Jo, fundi wa Wolastoqiyik, yaani watu wa mto Wolastoq, ambao wageni waliuita Saint John. Adney alimtazama akiunda mtumbwi, akamsaidia, akaandika na kuchora kila hatua. Kazi hiyo ilimshika maisha yake yote. Aliunda zaidi ya mifano midogo 100 ya mitumbwi ya mataifa mbalimbali, kwa vifaa vilevile vya asili, na mingi kati ya hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya mabaharia huko Newport News, jimbo la Virginia. Alifariki mwaka 1950 kabla ya kumaliza kitabu chake. Howard Chapelle aliyapanga maandiko yake, na kitabu kikatolewa na taasisi ya Smithsonian mwaka 1964.

Kitabu hicho kimekuwa msaada kwa mafundi wengi waliokuja baadaye, wageni na wenyeji. Hapa pana jambo la kutafakari. Mwenyeji anayekifungua leo ili ajifunze anasoma maneno ya mgeni, lakini ujuzi uliomo ni wa Peter Jo na wenzake. Maji yaliyotekwa mtoni yamerudi mtoni kwa kupitia mtungi wa mtu mwingine. Mtungi huo wastahili shukrani. Hata hivyo, una mipaka yake: kitabu huweza kutoa upana wa taruma kwa kipimo, lakini hakiwezi kumwambia kijana kwamba taruma hilo lilipasuliwa na mjomba wa mama yake.

Kumbukumbu ya aina nyingine ilipatikana mwaka 1971, Bernard Gosselin alipotengeneza filamu kwa ajili ya Ofisi ya Taifa ya Filamu ya Kanada. Filamu hiyo inamwonyesha César Newashish, mzee wa taifa la Attikamek wa kijiji cha Manawan katika jimbo la Québec, akiunda mtumbwi tangu kubandua gome hadi kuutia majini. Hakuna msimulizi anayesema. Mna maandishi mafupi tu katika Kikree, Kifaransa na Kiingereza, na sauti ya shoka. Mtazamaji hulazimika kujifunza kwa njia ya mwanagenzi, yaani kwa macho.

4.2. Zana za mzee

Mfano wa pili unahusu ukoo wenyewe. David Moses Bridges alizaliwa mwaka 1962 na kufariki mwaka 2017. Alikuwa Mpassamaquoddy wa Sipayik, katika mwambao wa mashariki wa jimbo la Maine. Alikuwa kitukuu wa Sylvester Gabriel, fundi mashuhuri wa mitumbwi ya gome. Katika utoto wake alizisikia habari za mzee huyo na za mitumbwi yake, na baadaye alirithi zana zake. Lakini kurithi kisu si kurithi mkono uliokishika. Bridges ilimbidi ajifunze kazi hiyo akiwa mtu mzima: kwa kufanya kazi na mafundi wengine, akiwemo fundi asiye mwenyeji aliyechunguza mitumbwi ya kale, na kwa kuisoma mitumbwi iliyohifadhiwa katika makumbusho.

Bridges alikuja kuwa mmoja wa mafundi wanaoheshimiwa sana katika nchi ya Wabanaki, yaani mataifa jamaa ya eneo hilo. Aliwafundisha vijana wa jamii yake, na alitengeneza pia vyombo vya gome vya nyumbani. Katika maisha yake kisu kilichopinda cha mzee kilirudi kufanya kazi ya ukoo, baada ya kizazi au viwili vya kulala. Ni kweli kwamba mnyororo ulikuwa umekatika mahali. Lakini pete zake zilikuwa hazijatupwa, na aliyeziunga tena alikuwa mtu wa nyumba ileile.

4.3. Babu aliyerudi

Mfano wa tatu ni wa chombo chenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi wa Wolastoqiyik waliunda mtumbwi ambao ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza aliuchukua hadi Ayalandi. Huko ulikuja kuwa mali ya chuo kikuu cha mji wa Galway, ukatundikwa humo kwa zaidi ya karne moja. Umuhimu wake ulipotambuliwa, ulipelekwa Kanada ukarekebishwe. Wolastoqiyik waliposikia habari zake walidai usivushwe bahari tena. Mwaka 2009 ulirudishwa kwao.

Jina walilolipa chombo hicho linastahili kuangaliwa: Babu Akwiten. Neno akwiten lina maana ya mtumbwi. Hawakukiita kielelezo cha utamaduni wala mali ya kale. Walikiita babu, na wakakipokea kama mzee wa ukoo aliyekuwa ughaibuni. Mzee huyo hasemi, lakini mishono yake husomeka. Fundi anaweza kuhesabu mataruma yake, kuona jinsi mzizi ulivyopita katika kila tundu, na kuuiga mkono wa mtu aliyefariki kabla ya babu wa babu yake kuzaliwa.

Si kila chombo kina marejeo ya namna hiyo. Mwaka 2011, katika ghala la familia ya Enys huko Cornwall, Uingereza, yalitambuliwa mabaki ya mtumbwi wa gome wa karne ya 18. Familia hiyo iliuhusisha na jamaa yao John Enys, luteni aliyekwenda Québec mwaka 1776 wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Mabaki hayo yalipelekwa katika makumbusho ya mitumbwi ya Kanada huko Peterborough, jimbo la Ontario. Kwa familia ya Enys, chombo hicho kilikuwa kumbukumbu ya babu yao pia. Hivyo chombo kimoja huweza kuwa na nasaba mbili: ya aliyekichukua, ambaye cheo, meli na mwaka wake vimeandikwa, na ya aliyekiunda, ambaye hana jina katika daftari lolote. Kazi ya kurudi katika historia ya ukoo huanza pale mtu anapouliza habari za huyo wa pili.

5. Lugha ya kazi

Katika Lac du Flambeau, mahali palepale palipokuwa na shule ya bweni, Wayne Valliere, Mojibwe na mwalimu wa lugha na utamaduni katika shule ya kijiji, huunda mitumbwi ya gome pamoja na wanafunzi. Mwaka 2013 alifanya kazi hiyo pia na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, na mwaka 2020 alipewa tuzo ya taifa ya urithi wa jadi ya Marekani. Katika kazi yake somo la lugha na somo la ufundi hayatengani, na sababu yake huonekana katika sarufi yenyewe.

Kiojibwe hugawa nomino zake katika makundi mawili: ya vyenye uhai na ya visivyo na uhai. Mgawanyo huo hutawala umbo la wingi na upatanisho wa kitenzi, jambo ambalo mwanafunzi wa ngeli za Kiswahili atalitambua mara moja. Neno mitig likiwa katika kundi la kwanza ni mti uliosimama, na wingi wake ni mitigoog. Likiwa katika kundi la pili ni kijiti au kipande cha mti, na wingi wake ni mitigoon. Vivyo hivyo neno wiigwaas: mbetula msituni ni kiumbe chenye uhai, na gome lililobanduliwa si lenye uhai. Anayejifunza kwa Kiojibwe hawezi kutaja malighafi yake bila kuonyesha, kwa upatanisho wa kisarufi, kwamba kuna kitu kimevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwa Kiswahili tofauti hiyo hupatikana katika msamiati, mti na ubao. Kwa Kiojibwe imo katika ngeli.

Jambo la pili ni majina ya jamaa. Katika Kiojibwe jina la babu halisemwi peke yake. Sharti libebe mwenyewe. Nimishoomis ni babu yangu, gimishoomis ni babu yako. Babu asiye wa mtu yeyote hatamkiki. Kiswahili kina mwelekeo unaofanana na huo katika maumbo kama babangu, mamako, nduguye na mwanawe, ingawa hakikulazimishi. Kwa msemaji wa lugha ya aina hiyo, kukiita chombo babu si sitiari tu ya kupamba hotuba. Papo hapo neno hilo humtaja mjukuu, na kumpa wajibu.

6. Funzo kwa uchunguzi wa Kiswahili katika Kongo

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza habari hizi za mibetula na theluji zinamhusu nini. Jibu linaweza kuanzia Tervuren, nchini Ubelgiji. Katika makumbusho ya Afrika ya mji huo, yaliyofunguliwa upya mwezi wa Desemba 2018, mgeni hukutana na mtumbwi wa gogo moja wenye urefu wa mita 22.5, uliochongwa na Walengola. Mfalme Leopold III alisafiri ndani yake mwaka 1957 alipozuru Kongo. Nao pia una nasaba mbili. Ile ya msafiri inajulikana. Ile ya wachongaji ndiyo inayoweza kutafutwa na chuo kikuu kilicho karibu nayo: majina yao, vitukuu vyao, na maneno waliyosema walipokuwa wakizunguka gogo hilo kwa tezo.

Tena si lazima kungoja chombo kirudi kutoka ng'ambo. Wagenya wa Kisangani na wavuvi wa ziwa Tanganyika bado wana wazee wanaojua jina la kila sehemu ya chombo na la kila hatua ya kazi. Kamusi za Kiswahili zimetunza maneno mengi ya vyombo vya pwani, kama vile omo, tezi, ngama, taruma na kafi, kwa sababu kulikuwa na watu walioyaandika mafundi wakiwa hai. Maneno ya vyombo vya mito na maziwa ya bara, katika Kiswahili cha Kongo na katika lugha zinazokizunguka, hayajapata bahati hiyo kwa kiasi kile. Mifano iliyotolewa hapo juu yaonyesha namna ya kuyakusanya: yasikusanywe kwa orodha ya maswali mezani, bali kazini, kwa kutazama mkono na kuuliza jina wakati kitu kinapoguswa. Na kila neno liandikwe pamoja na jina la aliyelisema, kwa idhini yake, na la aliyemfundisha. Laiti wafanyabiashara wa manyoya wangaliandika safu hiyo moja katika madaftari yao, koo nyingi za Kanada zisingalitafuta leo kwa kupapasa.

Hitimisho

Swali la mwanzo lilikuwa mahali ujuzi wa jadi unapokaa. Kifaa peke yake hakitoshi: Babu Akwiten alitundikwa Galway kwa miaka zaidi ya mia moja bila kumfundisha mtu kushona. Kitabu peke yake hakitoshi, ingawa kimeokoa mengi. Hata ukoo peke yake hautoshi, kwa kuwa David Moses Bridges alizaliwa katika nyumba ya fundi na bado ilimpasa ajifunze upya. Ujuzi huishi pale vitatu hivyo vinapokutana na mtu anayekubali kutumia viangazi vyake kuchimba mizizi, katika lugha inayoyajua majina yake.

Wahenga wa mwambao walisema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya ndani ya chombo, chini, ambako maji yanayovuja hukusanyika. Anayerudi huko hakuti mapambo tu, bali hukuta pia maji ya kufua. Wenyeji waliorudi katika mtumbwi wa gome walikuta humo kazi ya babu zao, na pia habari za shule, za misitu iliyokatwa na za majina yasiyoandikwa. Vyote viwili ni historia ya ukoo. Kwa chuo kikuu cha Kongo, kazi ya kuyaandika majina ya mafundi wa mito yake ingali inawezekana, maana baadhi yao wangali wakichonga.